Wigo Usioomba Maji

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa mpaka Jambiani, juu ya mwamba wa matumbawe usio na udongo wa kutosha kuficha mzizi wa muhogo, kumeoteshwa ukoka. Ukoka huo haukuja kwa mvua wala kwa ndege. Mahali pengi umeletewa udongo kutoka kwingine, ukapandwa kwa mkono, nao unaishi kwa mpira wa maji asubuhi na jioni. Kandokando yake vimepangwa vichaka vya mapambo vya nchi za mbali, vikakatwa kwa mkasi vikawa mviringo na mraba; na mpira ukikatika majuma machache ya kiangazi, vichaka hivyo huwa kuni. Hiyo ndiyo inayoitwa bustani nzuri ya pwani. Mgeni huipiga picha, mwenye nyumba wa mjini huiiga, na mshairi, ambaye kazi yake ni kutazama mara mbili pale wenzake walipotazama mara moja, hupita akaisifu.

Sifa hiyo haikustahiliwa. Bustani isiyoweza kuishi mahali ilipo ila kwa kukipunguza kisima cha jirani ni deni lililovikwa maua, na mlipaji wa deni hilo ni yule asiyekaribishwa hata kuketi kwenye kivuli chake. Tena si kweli kwamba hapana njia nyingine. Kichaka kisichopoteza kijani chake mwaka mzima, kinachostahimili jua, upepo na chumvi ya kiasi, kisichoomba maji wala mbolea, kinajulikana Afrika Mashariki tangu zamani. Pwani wapo wakijuao. Lakini waliokipa heshima yake, wakakifanya ukuta, mpaka na mlinzi, wako bara, katika mkoa wa Singida. Jina lake ni mnyaa.

Mtu wa visiwani akisikia Singida hufikiri kuku, alizeti na barabara ndefu ya kwenda Mwanza. Ni kweli kwamba mji huo uko karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya barabara, tena juu, kiasi cha mita 1,500 toka usawa wa bahari. Lakini anayedhani kwamba chumvi ni mali ya watu wa pwani peke yao hajafika huko. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya maji ya chumvi. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma yakaacha ukingo mweupe. Heroe husimama humo kwa miguu yao mirefu wakitafuta chakula ambacho viumbe wengine hawakiwezi. Upepo nao haukosekani, na miamba mikubwa ya mawe iliyosimama kila upande haitoshi kuuzuia. Mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni baina ya milimita 500 na 800. Unguja hupata karibu milimita 1,600, katika masika na vuli. Basi bustani ya Singida ina kila adui wa bustani ya Jambiani, yaani jua, upepo na chumvi, nayo imenyimwa rafiki mmoja ambaye Jambiani anaye, yaani mvua.

Na katika nchi hiyo ndimo mnyaa ulimopewa kazi. Wanyaturu na Wanyiramba, kama walivyofanya majirani zao Wagogo na Wasukuma, wameupanda kuzunguka matembe, mazizi na mashamba, na kando ya njia za ng'ombe ili mifugo isivamie mtama ikielekea majini. Tawi hukatwa, huachwa mpaka kidonda chake kikauke, kisha huchomekwa ardhini. Baada ya misimu michache huwa kuna ukuta wa kijani unaomfika mtu kichwani, na ukiachwa bila kukatwa huwa mti wa mita tano na zaidi. Ng'ombe hauli. Mbuzi, ambaye hutafuna hata kamba aliyofungiwa, huukwepa. Wala hapana mtu anayeamka alfajiri kwenda kuumwagilia.

Siri yake imo katika umbile. Majani ya mnyaa ni madogo mno. Huchipua kwenye ncha za vitawi na kudondoka upesi. Kazi ya majani hufanywa na vitawi vyenyewe, vya mviringo, laini, unene wake kama penseli, ambavyo ni kijani Januari na ni kijani Oktoba. Mmea wa majani mapana hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na kwa mlango huohuo unaoingiza hewa hutoka maji. Upepo mkavu wenye chumvi ukipita, majani huungua kingo. Vitawi vya mnyaa hufungua vitundu hivyo usiku, hewa imekwisha kupoa, na jua likichomoza hufunga. Ndiyo maana mti huu huishi miezi sita ya kiangazi kwa akiba ambayo mti mwingine ungeimaliza kwa siku chache. Hii si kusema kwamba mnyaa utaota ndani ya tope la chumvi kama mkoko, hauwezi. Mahali pake ni juu ya mstari wa maji, kwenye changarawe, mchanga na nyufa za mwamba, ambako mizizi haitasimama majini. Lakini mahali hapo ndipo hasa penye bustani za pwani, na ndipo hasa panapomwagiwa maji mengi.

Sasa na itazamwe hali ilivyo leo. Katika miji ya bara, Singida ikiwa mojawapo, mtu akipata fedha hujenga nyumba ya bati, na akipata fedha zaidi huizungushia ukuta wa matofali. Minyaa iliyokuwapo hung'olewa. Mahali pake, ndani ya ukuta, huja vichaka vya kununua kwenye vitalu, na ndoo za maji zinazofuata nyuma yao. Ukiulizwa ubaya wa mnyaa, jibu hujificha nyuma ya neno usafi, au usalama, au maendeleo. Sababu yenyewe haitamkwi, nayo ni hii: mnyaa unakumbusha kijiji. Unakumbusha zizi, kinyesi cha ng'ombe, babu aliyevaa mgolole. Mwenye nyumba mpya hataki mgeni wake aone ukumbusho huo langoni, na kwa hiyo hulipa ili apate ukuta usiokua, usiopoza upepo, usiotoa hewa, na unaoanza kupasuka siku ulipomalizika. Wahenga waliliona jambo hili kabla ya kuwapo saruji: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hasara yake haiishii kwenye mfuko wa mwenye nyumba. Tofali la kuchoma hula kuni, na kuni za nchi kavu hazioti upya kwa msimu mmoja. Ua wa miiba nao, ambao wengine huutumia pasipo na minyaa, hudai miti ikatwe, na kwa kuwa miiba iliyokauka huliwa na mchwa, hudai ikatwe tena na tena. Wigo wa mnyaa hudai tawi moja, mara moja. Katika mizani ya nyika, ambamo kila mti uliosimama ni mvua kidogo iliyohifadhiwa, tofauti hiyo si ndogo. Anayeusifu ukuta kuwa maendeleo na kuuita wigo umaskini amehesabu fedha akasahau kuhesabu miti.

Tena mnyaa huandika. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja lilikuwa jambo la lazima, na kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika. Tembe la udongo likihamwa halidumu. Mvua za miaka michache hulirudisha kwenye ardhi lilikotoka. Wigo hubaki. Katika nchi kavu mtu anayejua kusoma huweza kupita porini akaona mstari wa minyaa iliyozeeka, uliopinda kama mkono uliokumbatia kitu kisichokuwapo tena, akajua kwamba hapo palikuwa na mji wa mtu: hapa lango, hapa zizi, hapa njia ya kisimani. Mipaka ya minyaa ni maandishi ambayo wazee wa kijiji huyasoma pale vijana wanapogombania ardhi. Kuing'oa bila kujali ni sawa na kuchana ukurasa kwa kuwa karatasi yake haikupendeza.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wapenzi wa ushairi, ambao pengine wamekwisha kujiuliza kilimo cha nyua kinatafuta nini katika kurasa zao. Bustani ya ushairi wa Kiswahili ina waridi, asumini, kilua, mlangilangi, mrehani na mkadi. Ni bustani tukufu, na hapana haja ya kung'oa hata shina moja. Waridi la shairi halinywi maji. Limekaa katika lugha kwa haki ya karne nyingi, na aliyempa mpenzi wake jina hilo hakumnyang'anya mtu ndoo. Lakini ushairi hufundisha jicho, na jicho huongoza mkono. Lugha ikizoea kutamka uzuri kwa majina ya maua ya kumwagiliwa peke yake, watu wake huona kwamba pasipomwagiliwa hapana uzuri. Ni nadra kumkuta mpenzi wa ushairi aliyekariri beti za kuusifu mnyaa. Si kwa sababu mnyaa haukuwapo. Ulikuwapo nyuma ya nyumba, ukilinda, na walinzi hawatungiwi.

Kwamba sifa ya wenyeji ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kuna ushahidi wa vichaka viwili. Cha kwanza ni mkilua, wa misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Unguja, ambao maua yake wanawake wa Kiswahili wameyavaa na kuyatia katika manukato kwa muda usiojulikana mwanzo wake. Mwaka 1970, Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko Uingereza, alipouandika mmea huo rasmi, hakuutafutia jina la Kigiriki wala la mfadhili wake. Alilichukua jina la Kiswahili lilivyo, akalifanya la jenasi nzima: *Mkilua fragrans*, yaani mkilua unukiao. Sayansi ililipokea neno la wanawake wa pwani kwa sababu wanawake wa pwani hawakuacha kulitamka.

Cha pili ni mnyaa wenyewe. Asili yake, kwa hesabu ya wataalamu walio wengi, ni nchi kavu za Afrika. Lakini jina lake katika vitabu vya dunia ni *Euphorbia tirucalli*, na neno hilo la pili ni la Kimalabari. Katika karne ya 17, Hendrik van Rheede, aliyekuwa mtawala wa Kiholanzi huko Malabar, aliwakusanya matabibu wa nchi ile, akawauliza majina na matumizi ya mimea yao, na kazi hiyo ikapigwa chapa mjini Amsterdam katika majuzuu 12 baina ya mwaka 1678 na 1693. Linnaeus wa Sweden alipoipanga mimea ya dunia mwaka 1753, jina alilolikuta mezani lilikuwa la Malabar, akaliweka. Mnyaa ulikwisha kuvuka bahari ileile ambayo majahazi ya Lamu na Unguja yaliikata kwa kaskazi na kusi, na ng'ambo ukamkuta tabibu aliyeulizwa. Huku ulikotoka hakuulizwa mtu, na hata leo pwani haina jina moja la kuuita: wengine husema mnyaa, wengine huuita utupa, jina ambalo hupewa pia mimea mingine ya kulevya samaki. Kitu kisichotajwa na wenyewe hutajwa na wengine, na kikishatajwa na wengine hurudi kuuzwa kwa wenyewe.

Hilo la kuuzwa si mzaha. Katika bustani za California, Marekani, mnyaa ni pambo la thamani. Huko wanayo aina yake ambayo vitawi vyake hugeuka rangi ya dhahabu na wekundu wakati wa baridi, nayo huuzwa ndani ya vyungu kwa jina lenye maana ya vijiti vinavyowaka. Hupandwa mbele ya nyumba za matajiri zinazotazama bahari, kwa sababu ileile ya Singida, kwamba hauombi maji katika nchi ya ukame. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Melvin Calvin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961, alikuwa amependekeza mimea ya jamii hii, mnyaa ukiwa mmojawapo, ilimwe ili utomvu wake utoe mafuta badala ya petroli. Mpango huo haukuja kuwa biashara. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mshindi wa Nobel aliuona mnyaa kuwa kisima, mpamba bustani wa California akauona kuwa moto uliotulia, na mwenye nyumba wa Singida akauona kuwa aibu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zistahiki kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni sumu, nayo ni ya kweli. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, au zaidi asipotibiwa. Anayeukata afunike macho na mikono. Aliyerukiwa aoshe jicho kwa maji mengi bila kusita na aende hospitali. Na matawi yake yasichomwe moto karibu na watu, kwa kuwa moshi nao huwasha. Kuna na jambo zito zaidi. Tangu daktari Denis Burkitt alipoieleza saratani ya taya za watoto huko Uganda mwaka 1958, watafiti wametafuta vyanzo vyake, na baadhi yao wameuhusisha utomvu wa mnyaa, kwa kuwa katika maabara umeonekana kuviamsha virusi vinavyohusika na maradhi hayo. Hilo halipaswi kufichwa kwa ajili ya kushinda mjadala. Linafundisha kwamba mnyaa ni mti wa mpakani: usipandwe shuleni, wala penye mchezo wa watoto, wala dirishani.

Lakini anayeuondoa mnyaa kwa ajili ya sumu na akaweka olianda ameondoa nini? Olianda, kichaka cha maua meupe na ya waridi kilichotoka nchi za Mediterania, hupandwa katika bustani za pwani duniani kote kwa kuwa nacho hustahimili chumvi. Na kila sehemu yake, jani, ua na kijiti, ni sumu ya moyo. Hausikiki mjadala juu yake, kwa sababu kimekuja na maua mkononi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sumu ya mnyaa angalau inajulikana na kila mtoto wa Singida aliyechunga mbuzi. Sumu ya olianda imefichwa nyuma ya jina zuri kwenye kitalu.

Hoja ya pili ni kwamba mnyaa hauna uzuri: hauna ua la kutajika, hauna harufu, hauna jani la kupepea. Anayesema hivyo na asimame mbele ya wigo wake jua linapotua, upepo ukiwa umeanza. Vitawi elfu havitikisiki kimoja kimoja. Wigo mzima huinama na kuinuka kwa pamoja kama safu ya waumini, na mwanga hupenya katikati yake ukatoka kijani upande wa pili. Mstari wake haulazimishwi na mkasi. Rangi yake haimtegemei mtu. Uzuri wa ua ni wa siku tatu, nao washairi wameulilia vya kutosha. Uzuri wa kitu kinachokaa vilevile katika mwezi wa Oktoba, wakati ardhi yote imekuwa rangi ya kinyesi kikavu, haujapata mwimbaji wake. Ni kosa la wimbo.

Hoja ya tatu ni ya watu wa visiwani wenyewe: kwamba mti wa bara ubaki bara. Hii ni hoja ya ajabu katika visiwa ambavyo utajiri wake ulijengwa juu ya mkarafuu, mti uliotoka Maluku, na ambavyo waridi lao halikuchipua Pemba. Anayemkaribisha mgeni wa Mediterania na kumfungia mlango wa Singida hatetei kisiwa. Anachagua cheo. Hata hivyo sehemu moja ya hoja hii ni ya haki, nayo iheshimiwe: pale ambapo msitu wa maweni ungalipo, na vichaka vyake vilivyozoea mwamba na munyu wa bahari, msitu huo ndio bustani, na hakuna sababu ya kuufyeka ili kupanda mnyaa wala kitu kingine. Mnyaa unafaa palipokwisha kufyekwa, mahali pa ukuta na pa ukoka. Na penye kivuli, upandwe mkilua.

Zibaki hesabu, kwa kuwa ubishi huu una maji ndani yake. Chini ya mwamba wa pwani ya kaskazini na mashariki ya Unguja, maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, tabaka jembamba. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda ikaingia visimani. Mwaka 2001 Stefan Gössling alichapisha utafiti wake juu ya maji na utalii katika pwani hiyo. Alikadiria kwamba mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na kwamba katika hoteli sehemu kubwa kuliko zote, kiasi cha nusu, haikwenda kwenye kuoga wala kupika, ilikwenda kumwagilia bustani. Wakati huo watalii waliofika Zanzibar kwa mwaka walikuwa makumi ya maelfu tu. Mwaka 2023 walizidi 600,000. Mtu hahitaji kuwa adui wa wageni ili aone kilicho wazi hapa. Mgeni atakunywa na kuoga, na ni haki yake. Ukoka hauna haki hiyo, na kichaka cha mviringo hakina haki hiyo, mbele ya mwanamke aliyesimama na ndoo. Asemaye kwamba bustani ni suala la ladha tu, na ladha haibishiwi, ajaribu kulisema neno hilo kisimani.

Na hapo Singida na Jambiani zinakutana. Mwanamke wa kando ya ziwa Kindai naye hutazama maji mengi asiyoweza kuyanywa, naye huenda mbali kutafuta ya ndoo moja. Yule aliyepanda mnyaa kuzunguka nyumba yake alilitatua jambo ambalo wasanifu wa bustani za pwani hawajalitatua: namna ya kuwa na kijani bila kumtuma mwanamke huyo mara ya pili.

Kwa hiyo na lifanyike hili. Mwenye nyumba ya pwani na mwenye hoteli waanze na mpaka wa nje, ule unaopigwa na upepo. Matawi yakatwe mwishoni mwa kiangazi, urefu wa mkono, kwa tahadhari zilizotajwa. Yaachwe kivulini wiki moja mpaka utomvu ukauke. Yachomekwe karibu karibu, shibiri mbili kati yake, mvua za kwanza zinapokaribia. Yasimwagiliwe kila siku, kwa kuwa maji mengi huyaozesha. Mwaka wa kwanza yataonekana kama vijiti vilivyosahauliwa, na jirani atacheka. Mwaka wa tatu jirani ataomba matawi. Halmashauri za miji ya bara, ambazo hupanga viwanja na kupamba barabara, ziwaulize wazee wa vijiji vyao kabla ya kuviuliza vitalu, na wigo uliokwisha kuwapo kabla ya kiwanja kupimwa uhesabiwe kuwa mali, uingizwe katika ramani, usihesabiwe kuwa kichaka cha kusafisha.

Washairi nao wana kazi ambayo hakuna halmashauri itakayoifanya. Mkilua uliingia katika daftari la sayansi kwa jina lake kwa kuwa ulikuwa umetamkwa vya kutosha. Mnyaa nao utamkwe. Utafutiwe vina, si vigumu, neno lenyewe linafungua kinywa. Utungiwe na Mnyaturu kwa Kiswahili chake na kwa Kirimi chake, utungiwe na Mpemba ambaye hajauona, kama waridi lilivyotungiwa na maelfu ambao hawakuliona likiota. Na atakayeanza asiupambe kwa maua usiyokuwa nayo. Aseme ulivyo: unauma, haunukii, hauliwi, haulii kiu, na mvua ya Desemba inapochelewa hadi Januari, ndio kitu pekee cha kijani kati ya nyumba na ziwa.